Kata ikitoka Halmashauri ya Wilaya kwenda Jiji: mikopo ya asilimia 10 na fedha za miradi zinakabidhiwaje?

Mtumishi_Kanda_ya_Kati aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaoijua vizuri mipango, maendeleo ya jamii na uhasibu wa serikali za mitaa.

Kuna kata ya mpakani yenye vijiji vitatu inayotarajiwa kutoka halmashauri ya wilaya na kuingia Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Kamati za makabidhiano zipo pande zote mbili, ila zimekwama kwenye fedha za jamii. Vikundi 14 bado vina mikopo ya asilimia 10, ile inayotengwa na halmashauri kutoka mapato yake ya ndani. Boma la zahanati limefika kwenye lenta, linajengwa kwa fosi akaunti (tunanunua vifaa na kumlipa fundi wenyewe, bila mkandarasi), sehemu kwa ruzuku ya maendeleo na sehemu kwa nguvu za wananchi. Kuna fedha kidogo za Mfuko wa Jimbo za kuezeka darasa. Na kuna kaya za walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii).

Upande wa wilaya wanataka kuhamisha salio la benki mara moja na kufunga vitabu. Upande wa Jiji wanasema hawapokei madeni ya watu wengine. Tarehe inayotajwa ni 1 Julai. Nani anabeba nini, na kazi ianzie wapi?

---

Leja_ya_Kijani alijibu:

Ndugu, kuhamisha salio la benki ndiyo hatua ya mwisho kabisa. Ikitangulia, Jiji litapokea fedha ambazo hakuna anayeweza kusema ni za mradi gani, na mkaguzi akija atauliza pande zote mbili swali lile lile.

Anzeni na tangazo. Mipaka ya mamlaka hubadilika kwa amri inayotoka kwenye Gazeti la Serikali. Wilaya zinaongozwa na sheria ya serikali za mitaa Sura ya 287 na miji na Sura ya 288. Lisomeni neno kwa neno: linaanza kutumika lini, limetaja vijiji gani, na linasema lolote kuhusu mali na madeni? Likinyamaza, basi wakurugenzi wawili wasaini hati ya makabidhiano mbele ya ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, na nakala ziende TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), Hazina na kwa CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali). Muhtasari wa kikao pekee hautoshi, kwa sababu hauna jedwali la mali na hauna sahihi ya afisa masuuli, yaani mkurugenzi anayewajibika kwa fedha.

Tarehe ya 1 Julai ni nzuri. Mwaka wa fedha unaishia 30 Juni, na hesabu za mwisho zinatakiwa zimfikie CAG ndani ya miezi mitatu, yaani hadi 30 Septemba. Kata ikihama Novemba, kila halmashauri italazimika kutoa hesabu za kipande cha mwaka. Tatizo la 1 Julai liko kwenye bajeti. Bajeti ya Jiji huandaliwa miezi mingi kabla, na ikifika Juni Bunge linapitisha. Kama miradi ya kata hii haikuingizwa kwenye PlanRep ya Jiji (mfumo wa mipango na bajeti), MUSE (mfumo wa malipo wa serikali) haitakuwa na kifungu cha kuilipia hata fedha zikiwa zimeshafika. Fundi atakaa miezi akisubiri uhamisho wa vifungu kwa utaratibu wa Sheria ya Bajeti. Hilo liulizeni leo, kabla ya mengine yote.

Halafu tengenezeni jedwali la kila mradi lenye safu hizi: fedha iliyopokelewa, iliyolipwa, iliyobaki benki, madeni yaliyohakikiwa, oda zilizotolewa ambazo hazijalipwa, na vifaa vilivyo stoo. Watu wengi huishia safu ya tatu, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Chukua zahanati yenu kwa mfano. Tuseme ilipokea shilingi 50,000,000, zimelipwa 38,000,000, benki kuna 12,000,000. Jiji likionyeshwa hizo 12,000,000 litaamini linapokea fedha za kupiga paa. Kumbe fundi anadai 4,500,000 za hatua ya lenta, na muuza nondo ana oda ya 3,200,000 ambayo mzigo wake umeshashushwa. Fedha iliyo huru ni 4,300,000 tu. Lile neno la Jiji kwamba hawapokei madeni lina msingi iwapo madeni hayajaandikwa. Yakishaandikwa na kuhakikiwa, fedha na deni lake vinasafiri pamoja, na hakuna anayeonewa.

Stoo msiihesabu kwa karatasi. Afisa ugavi wa pande zote mbili waende site siku moja, wafungue mlango na kuhesabu. Leja ikisema simenti iliingia mifuko 140 na ikatoka 96, ndani inatakiwa iwepo 44. Mkikuta 31, ile 13 itafutiwe maelezo kabla ya sahihi. Mara nyingi fundi amechukua jioni na hati ya kutolea haikuandikwa, lakini hilo lithibitishwe kwa kitabu cha kazi za siku, kwamba siku hiyo kweli kulimwagwa zege. Mifuko iliyoganda iandikwe kuwa imeharibika. Usiikabidhi kama mali nzima.

La mwisho kwa leo: mchanga, mawe, kokoto, maji na siku za kazi za wananchi vipewe thamani na viingie kwenye taarifa ya mradi. Visipoandikwa, Jiji litauona mradi kama wa serikali mia kwa mia, na wananchi waliobeba mawe wataambiwa waanze kuchangia upya.

---

Mama_Vikundi alijibu:

Nichangie upande wa vikundi, maana ndiko kwenye watu.

Mikopo hii imewekwa na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Deni ni mkataba kati ya kikundi na halmashauri iliyokopesha. Kata ikihama, mkataba hauhami wenyewe. Inatakiwa hati ya pande tatu: wilaya inasema inakabidhi haki ya kudai, Jiji linasema linapokea, na kikundi kinakiri deni na kiasi chake. Bila sahihi ya kikundi, Jiji likidai litaambiwa "sisi hatukukopa kwenu".

Kabla ya hati hiyo, kila kikundi kijaziwe fomu ya uthibitisho wa salio, isainiwe na mwenyekiti, katibu na mhazina, na stakabadhi zao ziambatishwe. Msichukue orodha ya mfumo na kuipigia muhuri. Kikundi kilichokopa 12,000,000 kwa marejesho ya 500,000 kwa miezi 24 kinaweza kuonekana kwenye vitabu kimelipa mara 11, salio 6,500,000. Mhazina anatoa bahasha yenye karatasi za benki 13. Mbili waliweka moja kwa moja kwenye akaunti bila kumbukumbu namba ya malipo, fedha zikaingia kwenye kapu la miamala isiyotambulika. Salio lao halisi ni 5,500,000. Wasipotendewa haki sasa, baada ya kuhama hakuna mtu wilayani atakayerudi kuitafuta miamala hiyo.

Na hizo kumbukumbu namba zenyewe ziangalieni sana. Ankara iliyotolewa na wilaya ikibaki wazi, mwanakikundi ataendelea kulipa kwa simu kwa namba aliyoizoea, na fedha zitaingia wilayani. Jiji litamhesabu mdaiwa sugu ilhali analipa kila mwezi. Siku ya ukomo, yaani siku ya mwisho ya kata kuwa chini ya wilaya, funga ankara zote za zamani, toa mpya za Jiji, na AMJ (Afisa Maendeleo ya Jamii) wa Kata azipeleke kwa vikundi kwa mkono. Ujumbe wa simu pekee hautoshi kwa vikundi vya wazee au wasio na simu za uhakika.

Jambo jingine ni utaratibu wa utoaji. Mikopo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya, na Jiji la Dodoma lilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kukopesha kupitia benki. Halmashauri nyingine zilibaki na utaratibu wa kukopesha zenyewe ulioboreshwa. Kwa hiyo vikundi vyenu vinaweza kuondoka kwenye mlango mmoja na kukuta mlango tofauti. Deni la zamani libaki na masharti yake ya zamani, muda ule ule na bila riba. Maombi mapya ndiyo yafuate njia ya Jiji. Semeni hivyo kwenye hati, kwa maandishi, maana watu wakisikia "benki" wanahofia riba na dhamana, na wengine wataacha kurejesha.

Cheti cha usajili wa kikundi kimetolewa na wilaya. Kiombewe cha Jiji mapema kwa kutumia katiba na orodha ile ile ya wanachama, bila kukilazimisha kikundi kuanza upya. Kikundi cha wakamua alizeti chenye mashine inayofanya kazi na marejesho safi hakina sababu ya kuhesabiwa kuwa kikundi kichanga.

---

Mpangaji_Mdogo alijibu:

Naheshimu maelezo ya Mama_Vikundi, ila kwenye kuhamisha madeni sikubaliani naye. Mtaji uliokopeshwa ulitoka kwenye mapato ya ndani ya wilaya nzima: ushuru wa mazao, minada, leseni za vijiji vyote. Marejesho yake ni mfuko wa kuzungushwa. Kuwapa Jiji, ambalo mapato yake ni makubwa mara nyingi zaidi, ni kuwanyang'anya wanawake na vijana wa kata zilizobaki. Madeni ya zamani yabaki wilayani hadi yaishe. Jiji lianze na ukurasa mpya.

Na mnaosomea mambo haya mnaweza kuangalia wanavyofanya Marekani kwenye ruzuku yao ya maendeleo ya jamii, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1974. Mji wenye watu 50,000 na zaidi unaweza kupokea ruzuku moja kwa moja kutoka serikali kuu. Kaunti ya mjini yenye watu 200,000, ukiondoa miji inayojitegemea, nayo hupokea kwa niaba ya miji midogo iliyosaini nayo mkataba wa ushirikiano. Mkataba ni wa miaka mitatu. Mji ukitaka kujitoa unasubiri mzunguko uishe, hautoki katikati. Na mkataba huo unaendelea kuwa hai mpaka fedha zilizopokelewa chini yake, pamoja na mapato yaliyotokana nazo, zitumike na miradi ikamilike. Ikiwa kaunti ilianza kujenga kituo cha wazee, kaunti inakimaliza. Mji unaanza na fedha za mwaka wake mpya, mpango wake mpya, na taarifa zake yenyewe.

Nadhani hilo ni somo kwetu: fedha ya zamani imalizwe na aliyeianza.

---

Leja_ya_Kijani alijibu:

@Mpangaji_Mdogo hoja ya haki kwa kata zilizobaki ni ya kweli na isipuuzwe. Lakini mfano wa kaunti una tofauti moja kubwa. Kule mji ukijitoa kwenye mkataba, eneo bado liko ndani ya kaunti, na kaunti ina watumishi wake pale pale. Kwetu kata ikihama, AMJ wa Kata, mtendaji wa kata na watendaji wa chini wote wanakuwa watumishi wa Jiji. Wilaya itakuwa inadai vikundi 14 bila hata mtumishi mmoja kwenye eneo. Baada ya mwaka mmoja deni zuri litakuwa deni baya.

Njia inayokidhi pande zote: Jiji likusanye na kufuatilia, na hati ya makabidhiano itamke kwamba mtaji unarudishwa wilayani kadri unavyokusanywa, kila robo mwaka, kwenye akaunti maalumu ya mikopo. Jiji halidaiwi kile ambacho halikukusanya. Hapo wilaya haipotezi mfuko wake na wakopaji wana afisa mmoja wa kumfuata.

Sharti lake ni kugawa madeni kwa hali zake kabla ya siku ya ukomo: yanayolipwa kwa wakati, yaliyochelewa, na yale ambayo kikundi hakionekani kabisa. Hayo ya mwisho yasivuke mpaka. Wilaya ibaki nayo na iyajibie kwa wakaguzi na kwa kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, kwa sababu ndiyo iliyoidhinisha. Kumpa mwenzako kikundi hewa kwenye hati ni kumpa hoja ya ukaguzi isiyo yake.

Kuhusu asilimia 10 ya mwaka wenyewe: makusanyo yaliyopatikana katani hadi 30 Juni ni ya wilaya, na asilimia 10 yake ni wajibu wa wilaya. Kuanzia 1 Julai ni ya Jiji. Mashine za kukusanyia mapato zirudishwe wilayani siku ile ile zikiwa zimefungwa hesabu, maana mashine moja ya wilaya ikiendelea kutoa risiti kwenye mnada wa kata hiyo, hesabu za pande zote mbili zimeharibika.

---

Mtumishi_Kanda_ya_Kati alijibu:

Asanteni sana wakuu. Njia hii ya Jiji kukusanya na kurejesha kila robo naona pande zote zitaipokea. Nina swali moja limebaki. Akaunti za vijiji ambako zilipita fedha za zahanati na michango: wenyeviti wanasema wataendelea kusaini wao. Hilo likoje? Na Mfuko wa Jimbo na TASAF tunavifanyaje?

---

Sheria_Vijijini alijibu:

Hapa msifanye mchezo, ndugu yangu. Halmashauri ya kijiji chini ya Sura ya 287 ni chombo chenye hadhi ya kisheria. Inamiliki mali, inafungua akaunti, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kijiji kikiingia Jijini kinakuwa mtaa, na mtaa hauna hadhi hiyo. Kamati ya mtaa haiwezi kurithi akaunti, shamba wala mkataba wa fundi kwa jina lake. Wenyeviti wakiendelea kusaini hundi baada ya siku ya ukomo, wanasaini kwa niaba ya chombo ambacho hakipo tena kisheria.

Kwa hiyo kabla ya tarehe hiyo, kila kijiji kiitishe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Usiwe mkutano wa halmashauri ya kijiji peke yake. Ajenda ni rejesta ya mali: jengo la ofisi, mashamba, mashine ya kusaga, mizinga, miti, samani, na kila shilingi iliyo benki. Isomwe kwa sauti, wananchi waiongeze na kuisahihisha, mkutano uipitishe, na muhtasari uambatanishwe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Pendekezeni kwenye muhtasari huo huo kwamba michango ya wananchi iliyobaki itumike kwenye mradi ule ule ilikochangwa. Jiji likipokea fedha ikiwa na azimio hilo, si rahisi kuipeleka kwingine.

Akaunti za kijiji zifungwe kwa hatua: simamisheni utoaji, lipeni madeni yaliyohakikiwa, chukueni taarifa ya benki ya siku ya kufunga, halafu salio liende kwenye akaunti ya mradi iliyo chini ya Jiji. Zahanati ikishasajiliwa itakuwa na akaunti yake yenyewe kama vituo vingine. Vitabu vya stakabadhi visivyotumika virudishwe kwa namba zake mfululizo. Kitabu kimoja kikikosekana, andikeni namba zake zote kwenye hati na kuzitangaza hazitumiki, ili mtu asije kukusanyia michango mtaani.

Ardhi nayo inabadilika. Ardhi ya kijiji ilikuwa chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Mjini inasimamiwa chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka huo huo. Hatimiliki za kimila zilizotolewa, na eneo la zahanati lenyewe, viorodheshwe na ramani zake kabla upimaji wa mji haujafika. Nimeona mijadala mingi ya makabidhiano ikiacha hili kwa idara ya ardhi "baadaye", na baadaye kiwanja cha zahanati kinakutwa kimechorwa barabara.

Msikabidhiane pia vitu visivyo vya halmashauri. Barabara ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kisima kinachoendeshwa na chombo cha watumia maji kiko chini ya RUWASA (wakala wa maji vijijini), na mazungumzo ya kukihamishia DUWASA (mamlaka ya maji Dodoma) ni yao. Nyinyi andikeni tu barua ya kuwajulisha tarehe.

---

Mama_Vikundi alijibu:

Nimalizie hayo mawili. Mfuko wa Jimbo, chini ya Sheria Na. 16 ya 2009, unafuata mpaka wa jimbo la uchaguzi. Kata kuhamia halmashauri nyingine hakuihamishi jimbo, hilo ni la Tume ya Uchaguzi. Dodoma tunalijua vizuri hili tangu jimbo la Mtumba lilipoundwa mwaka 2025: Jiji moja, majimbo mawili. Fedha za kuezeka darasa zilizoidhinishwa na kamati ya jimbo la zamani zitumike kwa kazi hiyo hiyo. Kama mabati yanaweza kununuliwa na kupigwa kabla ya 30 Juni, pigeni sasa mkabidhi darasa lenye paa.

TASAF: kaya zihame na namba zao zile zile. Waratibu wa halmashauri mbili wakae na makao makuu ya TASAF, eneo la utekelezaji libadilishwe kwenye masijala yao, na mabadiliko yafanyike baada ya dirisha moja la malipo kufungwa na kabla ya jingine kuandaliwa. Mkianza kuandikisha kaya upya mtaona majina yaliyorudiwa, na walengwa halali watazuiwa malipo hadi uhakiki uishe. Kamati za jamii zilizochaguliwa na vijiji ziendelee na kazi mpaka mitaa ichague zake, na orodha ya wajumbe wake iwekwe kwenye hati pamoja na namba za simu za watendaji watakaopokea malalamiko upande wa Jiji.

---

Leja_ya_Kijani alijibu:

Nyongeza moja kwa Mtumishi: hati ikishasainiwa, wekeni kipindi cha siku 90 cha marekebisho. Muamala usiotambulika, risiti ya kikundi iliyopatikana nyumbani kwa mhazina, ankara ya muuza nondo iliyochelewa, vyote vipokelewe ndani ya siku hizo na jedwali lirekebishwe kwa sahihi za wahasibu wakuu wawili. Siku 90 kutoka 1 Julai zinaishia 28 Septemba, mnabaki na siku mbili tu kabla hesabu hazijaenda kwa CAG. Kwa hiyo vikao vya usuluhishi vianze Julai, kila wiki mbili, na faili la makabidhiano libaki na nakala halisi mbili, moja kila halmashauri.